Sampuli ya Safari

Mke wangu hakati kitambaa kabla ya kushona sampuli. Shule ikimpa kazi ya sare za watoto mia mbili, atashona sketi moja kwanza, ataifua, ataianika, kisha atamvalisha binti yetu Lidwina na kumwambia akaruke kamba uani. Mshono ukivumilia ndipo anatandika jora mezani na kushika mkasi. Mimi ni seremala hapa Songea kwa miaka kumi na minane. Mbao nyingi nimezikata kwa kukisia kwa jicho, na nyingine nimezikata vibaya. Eufrasia hajawahi kuharibu hata mita moja ya mtu. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba ninayemsimulia ni mtu ninayemheshimu, hata pale nitakapoonekana nalalamika.

Safari yenyewe ilianzia kwenye baraza ya soko, alipoweka cherehani yake. Jirani yake wa kulia ni Zuhura, mama wa Tunduru anayeuza vitenge, ambaye kicheko chake hufika mpaka kwenye mabucha. Mwenzao wa tatu ni Judica, mwalimu wa shule ya msingi aliyehamishiwa huku kutoka Moshi. Judica alikuja siku moja kupunguziwa gauni, na tangu hapo hajaacha kuja. Baada ya Pasaka, Judica aliuliza tu, kama mtu anayeongea peke yake, ni lini kila mmoja wao alikula sahani ya chakula mpaka mwisho kikiwa bado cha moto. Zuhura alicheka. Eufrasia alisimamisha cherehani, akafikiri sana, akasema hakumbuki. Lidwina, mtoto wetu wa kwanza, ana miaka kumi.

Hapo ndipo walipoamua kwenda Dar es Salaam, wao watatu, bila mtoto hata mmoja. Wikiendi tu, walisema. Lakini wikiendi ya mtu wa Songea ina siku nne, maana basi linaondoka alfajiri na kukufikisha giza limeshaingia, na kurudi ni vivyo hivyo. Basi wangeondoka Alhamisi, wangerudi Jumapili, na Ijumaa na Jumamosi zingekuwa zao.

Nimeona watu wakipanga harusi, nimeona kamati za ujenzi wa kanisa, lakini sijaona mipango kama ile. Eufrasia alinunua daftari jipya na kuandika kanuni. Ya kwanza: hakuna kufikia kwa ndugu. Ukifikia kwa shangazi, alisema, utamenya viazi vya shangazi. Wangelala gesti, kila mtu na kitanda chake. Ya pili: hakuna kuamshana kabla ya saa tatu asubuhi. Kisha kila mmoja aliruhusiwa kuandika jambo moja analolitaka kuliko yote. Zuhura aliandika kupanda zile ngazi zinazotembea zenyewe, kupanda na kushuka mpaka achoke. Judica aliandika kuingia sinema, hata akilala humo ndani. Eufrasia aliandika: chipsi kuku sahani moja, ya moto, bila mkono wa mtu mwingine. Nililisoma lile daftari siku moja alipokuwa anaoga, na hilo jambo la tatu nililirudia mara mbili. Mmoja wa mikono iliyokuwa ikiingia kwenye sahani yake ulikuwa wangu.

Kanuni ya tatu, ambayo ndiyo iliyoniponza, ilikuwa siri. Hapa kwetu mtu akisema anakwenda Dar, amekwisha. Kabla hajakata tiketi, huyu ameleta debe la maharage ya kijana wake wa Mbagala, yule kuku wawili wa mkwe wake, mwingine dagaa wa Nyasa kwenye ndoo na namba ya simu ya mtu asiyepokea simu. Siku zako mbili zitaisha ukizunguka mitaa usiyoijua na ndoo kichwani. Kwa hiyo walikubaliana kwamba hakuna jirani atakayeambiwa, hakuna ndugu, wala mwanajumuiya. Eufrasia ni katibu wa jumuiya yetu ndogondogo ya kanisa, na jumuiya hiyo ina kaya ishirini na mbili, zote zina mtoto Dar. Mimi niliapishwa. Niliapa huku nacheka.

Sikucheka aliponiambia kuhusu sampuli.

Alisema kabla ya safari atafanya jaribio. Ijumaa jioni mpaka Jumapili jioni, yeye na wenzake watajifungia nyumbani kwa Zuhura kana kwamba wako Dar. Nyumba ya Zuhura iko nyuma ya yetu, ukivuka ua wa michongoma na shamba dogo la viazi. Muhsini, mume wa Zuhura, ni dereva wa lori na alikuwa safarini, na watoto wao walikuwa likizo kwa bibi yao kijijini Namasakata. Kule hawatatoka nje, hawatapiga simu, na mimi sitawapigia isipokuwa kwa moto au hospitali. Shida ilikuwa Eric, mtoto wetu wa mwisho. Ana miaka miwili, alikuwa ameachishwa ziwa mwezi wa tatu tu, na hajawahi kulala hata siku moja bila mama yake.

Nilikasirika. Mimi nina hasira za karibu, Songea nzima inajua. Mwaka juzi mteja alisema droo za kabati langu zinagoma, nikalitoa kabati nje na kulipasua kwa shoka mbele yake. Kwa hiyo nilimwambia Eufrasia kwamba mimi ni baba wa watoto wale, si sketi ya kujaribiwa kwa kurukishwa kamba. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha aliniambia uji wa Eric huwekwa sukari kidogo sana, na Remmy, yule wetu wa katikati, asipoulizwa hasemi kama anaumwa. Akaenda kufunga begi.

Ijumaa saa kumi na moja alipita mlango wa nyuma. Ilikuwa Julai, baridi ya Songea inauma masikio. Lidwina na Remmy walijua siri na walijivuna nayo. Eric hakujua lolote. Alisimama kwenye mlango ule wa nyuma akiutazama ua, akaanza kulia. Si kilio cha kudeka. Alilia kama aliyefiwa, kwa sauti iliyovuka michongoma na viazi na bila shaka ukuta wa Zuhura pia. Nilimwimbia. Nilimchongea ng'ombe wa mbao papo hapo. Lidwina alinishauri nimwogeshe kwa maji ya moto, nikamwogesha, akalia ndani ya beseni. Hatimaye alichoka, akalala juu ya kifua changu na buti zangu zikiwa bado miguuni.

Asubuhi ya Jumamosi nilikuta amelowesha godoro na mablanketi yote mawili. Nikafua. Nilikuwa naanika mablanketi kwenye kamba ya mbele, saa mbili kasoro, wakati akinamama wa jumuiya walipokuwa wanatoka sala ya alfajiri kwa Mzee Joachim, mwenyekiti wetu. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba Jumamosi ni siku ya jumuiya. Katibu hakuonekana, mume wake hakuonekana, na sasa mume mwenyewe anaanika mablanketi huku mtoto analia ndani. Mama mmoja aliuliza Mama Lidwina yuko wapi. Ningeweza kusema anaumwa, lakini wangeingia kumwona. Ningeweza kusema amesafiri, lakini wangeuliza wapi. Nikasema, "Hayupo." Nililisema kwa ukali, kwa sababu maji ya baridi yalikuwa yamenikata vidole.

Walitazamana. Nikajua kwamba nimeharibu.

Saa kumi alasiri ujumbe wa jumuiya ulifika. Mzee Joachim alikuwa mbele na kofia mkononi, nyuma yake akinamama watatu, mmoja na hotipoti ya kande, mwingine na chupa ya uji wa mtoto. Niliwaamkia, nikawapa viti. Hawakusema wamekuja kwa lipi. Waliimba wimbo mmoja, kisha Mzee Joachim akaombea familia zilizo katika majaribu, familia ambazo shetani wa hasira ameingia kwa mlango wa mbele na mama ametoka kwa mlango wa nyuma. Nilifumbua macho katikati ya sala. Mama wa hotipoti alikuwa anakagua ukuta wangu, kama mtu anayetafuta alama ya kitu kilichorushwa.

Baada ya amina, mzee alivuta kiti karibu. Huyu ndiye aliyesimamia ndoa yetu, na nyumba anayoishi milango yake nimeitengeneza mimi.

"Kassian mwanangu," alisema, "umempiga?"

Pilipili ya shamba usiyoila yakuwashia nini, ndivyo ninavyowaambia watu kwa kawaida. Siku ile sikuweza. Swali lilinichoma kwa sababu aliliuliza kwa upole, kama mtu ambaye jibu halitamshangaza. Miaka kumi na minane nafanya kazi mtaani pale, na hicho ndicho walichokiona: mtu wa shoka na kabati. Eufrasia alikuwa hatua arobaini kutoka pale. Ningesimama uani na kuita jina lake mara moja tu, angetokea na vitambaa vya nywele kichwani, na aibu yote ingewarudia wao. Na safari ingekwisha. Angerudi, angemchukua Eric, na lile daftari lingekuwa la hesabu za Remmy.

Nikasema hapana, sijampiga, sijawahi. Nikasema amekwenda kupumzika na nimebaki na watoto wangu, basi. Mzee akauliza amepumzikia wapi. Nikamwambia nimeahidi kutosema. Nililisikia mwenyewe jinsi lilivyokaa vibaya. Mama mmoja aliguna na kunong'ona kwamba lisemwalo lipo.

Ndipo Eric alipoamka na kuanza tena. Mama wa hotipoti alisimama, akasema shauri ni rahisi, wao watawachukua watoto wote watatu kwao mpaka mama yao arudi. Wanawake hawakosi nafasi, alisema, na mimi nipate utulivu wa kutafakari. Alikuwa na nia njema. Na niseme ukweli, nilitamani. Nilikuwa sijalala, mgongo uliniuma, na huko ndani kulikuwa na sufuria tano zisizooshwa. Nikamtazama Lidwina aliyesimama mlangoni na mdogo wake mkononi. Alikuwa ananiangalia kama anavyoangalia mshono mama yake anapomwambia aruke.

Niliwashukuru. Nikasema watoto watabaki. Nikachukua kitenge cha Eufrasia kwenye msumari, nikainama, nikamwambia Lidwina anipandishe Eric mgongoni. Sijui kama umewahi kumwona seremala mwenye mikono kama yangu akifunga mbeleko mbele ya mwenyekiti wa jumuiya. Mara ya kwanza fundo lilifunguka. Mara ya pili likashika. Eric alilia kidogo, akanusa kile kitenge, akalaza shavu mgongoni kwangu na kunyamaza. Nikaenda jikoni na mzigo wangu, nikawachemshia wageni chai ya tangawizi, nikawaletea mmoja mmoja. Walikunywa yote. Mzee Joachim alipoaga alinishika mkono muda mrefu, lakini uso wake ulikuwa bado na lile swali.

Jumapili jioni, saa ileile aliyoondoka, Eufrasia aliingia na begi lake. Nilikuwa nimefagia, na watoto wamevaa safi. Eric alimkimbilia, akamkumbatia magoti, kisha, baada ya muda mfupi, akarudi kwa ng'ombe wake wa mbao. Niliketi na kumweleza yote, mablanketi, ujumbe, sala na swali la mzee. Nilieleza kwa hasira na kwa majivuno vilevile. Mwisho nikamuuliza kama nimefaulu.

Aliketi kwanza. Akavua viatu.

"Kassian, sikukujaribu wewe," alisema. "Wewe nilijua utaweza. Nilikuwa najijaribu mimi."

Akaniambia jinsi ilivyokuwa. Ijumaa Eric alipolia mlangoni, yeye alikuwa nyuma ya mlango wa Zuhura na mkono juu ya komeo. Alilishika komeo lile mara tatu. Zuhura na Judica hawakumzuia, maana hiyo nayo ilikuwa kanuni: anayetaka kutoka atoke, na safari itavunjika bila lawama. Jumamosi, mlango wetu wa nyuma ukiwa wazi, aliuona ujumbe kupitia pazia, Mzee Joachim na kofia yake na hotipoti, na mara moja akaelewa wananishuku nini. Alivaa viatu. Alikuwa ameshafungua komeo alipoona kupitia dirisha la jiko letu mgongo wangu, na juu yake kitenge chake, na ndani ya kitenge kichwa cha Eric kimelala. Akavua viatu, akaketi sakafuni, akalia mpaka Judica akamletea maji.

"Nilidhani nikiondoka hapa kitu kitapasuka," alisema. "Miaka kumi nimeshikilia mshono kwa mikono miwili. Kumbe ulishashonwa."

Nimekuwa mume wake muda wote huo, nikadhani ninamjua kwa sababu najua anavyopanga mambo. Sikujua kwamba mtu anayepanga namna ile anaogopa kwa kiasi kilekile. Nilimwona mkubwa kuliko jana yake, na nilimwambia hivyo kwa maneno hayohayo. Akanicheka, akasema nimeanza kuongea kama mgombea udiwani.

Jumamosi iliyofuata alitangulia kufika kwenye jumuiya. Wakati wa matangazo alisimama na daftari la katibu, akasoma mapato ya sadaka kama kawaida, kisha akalifunga. Akawaambia kwamba juma lililopita alikuwa kwa Zuhura, amejifungia kwa hiari yake, kwa sababu Alhamisi anakwenda Dar es Salaam kupumzika siku nne, na mume wake ndiye atakayebaki na watoto. Akasema mume wake hajawahi kumwinulia mkono, na aliyewaza hivyo anajua la kufanya. Kisha akaketi. Niliitazama miguu yangu. Alikuwa ameitupa siri yao, ile kanuni ya tatu, mbele ya kaya ishirini na mbili, kwa ajili ya jina langu.

Mzee Joachim alikuja kwenye karakana yangu jioni hiyo kuomba radhi. Aliomba vizuri, kama mtu mzima, na nikampokea. Alipokuwa anaondoka aligeuka na kuuliza kama Mama Lidwina atapata nafasi ya debe moja la maharage ya kijana wake wa Mbagala.

Basi Alhamisi alfajiri stendi ilionekana kama ghala la bidhaa. Zuhura alihesabu madebe sita, ndoo mbili za dagaa na kuku mmoja aliyekataa kunyamaza, akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba kila mwenye mzigo atapigiwa simu aufuate mwenyewe stendi, yeye ana miadi na ngazi. Judica alikuwa amevaa miwani ya jua na jua halijachomoza. Kondakta aliita majina. Mimi nilisimama pembeni na Eric mgongoni, kwenye kitenge kilekile, Lidwina na Remmy mkono huu na huu. Watu walitazama. Niliwaacha watazame.

Eufrasia alituaga mmoja mmoja. Kisha alikwenda kwenye mlango wa basi, akashika chuma cha mlango, na akasimama. Eric alianza kukunja uso. Nilijua anayesimama pale anafanya nini, kwa hiyo sikumharakisha. Kondakta alifungua mdomo, nikamtazama kwa yale macho ya kabati, akaufunga. Eufrasia alishika kile chuma mara moja tu. Akapanda, na hakugeuka nyuma.

Basi lilipokwisha kutoka getini, Eric aliniuliza mgongoni mama amekwenda wapi. Nikamwambia mama amekwenda kula.